Timu ya Wahindi Iliyokwenda Uingereza Mwaka 1911: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninapoitaja safari hii ya kriketi watu huniuliza yaleyale, mengine ya maana, mengine ya kunichokoza tu. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Jambo moja kwanza: humu "Wahindi" ni watu wote wa Bara Hindi, na "Wahindu" ni wafuasi wa dini yao, wale ambao wazee wa Pwani wamezoea kuwaita Mabaniani. Ukichanganya hayo mawili, habari yote itakupotea.

Ni timu gani hasa unayoizungumzia?

Timu ya kriketi ya "India Yote", ya kwanza kuwachanganya wachezaji wa dini mbalimbali za Bara Hindi na kuvuka bahari kwa jina moja. Iliondoka Bombay kwa meli Mei 1911 kwa njia ya Suez, na mechi ya kwanza ikaanza Juni 1 huko Oxford, dhidi ya timu ya chuo kikuu. Kiangazi kizima ikawa safarini, leo mji huu, kesho ule, hadi ikatimiza mechi 23.

Angalia jambo la ajabu hapo. Nchi iitwayo India haikuwa dola. Ilikuwa milki ya mfalme wa Uingereza, sehemu nyingine zikitawaliwa na Waingereza moja kwa moja, nyingine na maharaja waliokuwa chini ya jicho lao. Timu ya taifa ikatangulia, taifa lenyewe likaja miaka 36 baadaye.

Kwani kabla ya hapo Wahindi hawakuwahi kwenda kucheza Uingereza?

Walikwenda, lakini ni Waparsi peke yao, wale wafuasi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi. Safari yao ya 1886 ilikuwa kilio: mechi 28, wakashinda 1, wakafungwa 19. Walirudi 1888 wakiwa wamejifunza, wakashinda 8 kati ya 31, na mrushaji wao M. E. Pavri akachukua wiketi 170, yaani aliwatoa wapigaji mara 170. Hao walikwenda kama jumuiya yao, wala hawakudai kuwawakilisha wengine.

Mbona ilichukua zaidi ya miaka ishirini kupata timu moja?

Kwa sababu Bombay kriketi ilichezwa kwa dini. Wasomaji wa Dar na Zanzibar wanalijua neno jimkhana, yaani klabu ya michezo. Lilitoka huko huko. Waparsi walikuwa na jimkhana yao, Wahindu yao, Waislamu yao, na Wazungu walikuwa na yao ambayo Mhindi hakuingia kama mwanachama, hata awe tajiri namna gani. Mechi kubwa ya mwaka ilikuwa Wazungu dhidi ya Waparsi. Wahindu waliingizwa kwenye mashindano hayo 1907, mwaka mmoja baada ya kuwatandika Wazungu wa Bombay kwa mikimbio 109 (mikimbio ndiyo alama za kriketi).

Basi ukiwaita watu hao wachague kikosi kimoja, swali la kwanza si nani anacheza vizuri. Ni sisi tunapata nafasi ngapi. Majaribio ya miaka ya mwanzo ya karne yalivunjikia hapo.

Kwa nini 1911 ikawezekana?

Siasa. Mwaka 1905 serikali ya Waingereza iligawa jimbo la Bengal vipande viwili, na nchi ikachemka: migomo ya kususia bidhaa za Uingereza, mabomu, kesi za uhaini. Julai 1909, katikati ya London, kijana Madan Lal Dhingra alimpiga risasi na kumuua afisa wa serikali, Curzon Wyllie. Magazeti ya Uingereza yakaanza kumwona kila mwanafunzi wa Kihindi kama mtu mwenye bastola mfukoni.

Matajiri wa Bombay na wakuu wa kifalme walikuwa na mengi ya kupoteza kama uhusiano ungeharibika. Walitaka Waingereza waone Wahindi wengine, waliovaa fulana nyeupe na kucheza mchezo wa Mwingereza kwa adabu zake. Fedha zikapatikana, ukoo wa Tata ukiwa miongoni mwa wafadhili. Kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano kulipangwa Juni 22, 1911, kwa hiyo London ingekuwa imefurika wageni wa milki yote. Wakati bora wa kuonekana ungekuwa upi mwingine?

Nani walikuwemo?

Waparsi 6, Wahindu 5, Waislamu 3, na nahodha Kalasinga. Hesabu hiyo yenyewe inakuonyesha mazungumzo yalivyokwenda.

Upande wa Waparsi alikuwepo Dk. H. D. Kanga, mpigaji hodari (jina tu, halina uhusiano na kanga zetu), pamoja na K. M. Mistry, ambaye wengi walimhesabu mpigaji bora kuliko wote nchini. Alikuwepo pia M. D. Bulsara. Ndiyo, Bulsara kama Farrokh Bulsara wa Zanzibar, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Msikimbilie kuunga undugu: ni jina la mji wa Bulsar huko Gujarat, na Waparsi wengi wanalo. Waislamu walitoka katika mkondo wa Aligarh, chuo cha Waislamu kaskazini mwa India. Wahindu walikuwa na Jayaram wa Bangalore, Seshachari wa Madras aliyekaa nyuma ya wiketi (hapa ni vile vijiti anavyolinda mpigaji) kudaka mipira, Pai wa Bombay, na ndugu wawili, Palwankar Baloo na Palwankar Shivram. Mwana wa mfalme wa Baroda, Shivaji Rao, alikuwa tayari Oxford anasoma, akajiunga nao hukohuko.

Nahodha alikuwa na miaka 19 kweli?

Kweli. Bhupinder Singh, Maharaja wa Patiala, alizaliwa Oktoba 1891. Kiti cha baba yake alikirithi akiwa mtoto wa miaka tisa.

Aliwekwa kwa sababu ya mchezo au ya fedha?

Ya cheo, na fedha ni nduguye cheo. Lakini tusimdhulumu: kupiga mpira alijua, na baadaye alifanya mengi kwa kriketi ya nchi yake. Tatizo ni kwamba kule Uingereza alikuwa maharaja kwanza, nahodha baadaye. Kulikuwa na kutawazwa kwa mfalme, karamu na watu wa kuonana nao. Alicheza mechi chache tu. Na kibaya zaidi, Mistry alikuwa katibu wake, kwa hiyo bwana alipoondoka na mpigaji bora naye aliondoka. Uongozi wa uwanjani ukamwangukia Dk. Kanga.

Ranjitsinhji alikuwa wapi?

Hili huulizwa na wanaojua kriketi. Ranji alikuwa Mhindi maarufu kuliko wote katika mchezo huu, lakini mechi zake 15 za Testi, yaani zile kubwa za nchi kwa nchi, kati ya 1896 na 1902, aliichezea England. Mwaka 1907 akawa mtawala wa Nawanagar. Safari ya 1911 hakuitia mkono. Maoni yangu: mtu aliyefika juu kwa kuwa Mwingereza uwanjani hakuwa na faida ya kujifunga kwenye timu ambayo huenda ingeaibika.

Haya, matokeo yalikuwaje?

Mechi 23: ushindi 6, kufungwa 15, sare 2. Kati ya hizo 14 zilikuwa za daraja la kwanza, yaani dhidi ya kaunti na vyuo vikuu na vigogo wengine, na humo walishinda 2, wakapoteza 10.

Kwa nini walipigwa hivyo?

Kwanza, ratiba. Mechi ya daraja la kwanza ilichukua siku tatu, ikiisha jioni mnapanda treni, kesho mnaanza nyingine mji mwingine. Wapinzani wengi walikuwa watu wanaolipwa kucheza kriketi msimu mzima. Hawa wengine walikuwa makarani, madaktari na wanafunzi, na nyumbani walizoea mechi chache kubwa kwa mwaka.

Pili, hayo ya Mistry na Patiala niliyoyasema. Ondoa mpigaji bora na nahodha katika kikosi cha watu wachache hivyo, uone kinachobaki.

Tatu, mzigo wa kurusha ulilala kwenye bega moja. Mtu mwenyewe alikuwa na miaka 35.

Baridi haiwezi kusingiziwa. Kiangazi cha 1911 kilikuwa cha joto lililoingia kwenye historia ya Uingereza, Julai na Agosti hasa, hadi nyasi zikakauka. Siwezi kuapa kwamba jua ndilo lililowasaidia, lakini ushindi wao mkubwa ulikuja Julai.

Huyo wa bega moja ndiye Baloo? Ni nani?

Ndiye, na ndiye sababu ya mimi kuandika yote haya.

Palwankar Baloo alizaliwa 1876 katika jamii ya Chamar, watu wa kazi ya ngozi, ambao Wahindu wa matabaka ya juu waliwaona najisi. Kuguswa nao ilikuwa unajisi, maji yao hayanyweki, chombo walichokishika hakishikwi tena. Familia yake iliishi Poona, mji wa kambi za jeshi, na kriketi aliianza kwa vifaa ambavyo maafisa wamevitupa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye klabu ya Waparsi: kufagia uwanja na kuuviringishia roli, mara mojamoja kuwarushia wanachama mazoezini. Mshahara rupia 3 kwa mwezi. Akahamia jimkhana ya Wazungu ya Poona kwa rupia 4. Wazee wetu wangeielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa, maana wakati ule rupia ilitumika Zanzibar, Mombasa na hata Tanganyika ya Mjerumani, na neno "pesa" lenyewe ni ile paisa ya Kihindi. Rupia moja ilikuwa ana 16, au paisa 64.

Pale Poona alikuwepo afisa mmoja wa jeshi, J. G. Greig, mpigaji mkali. Greig alifika uwanjani saa nzima kabla ya wenzake ili Baloo amrushie. Inasimuliwa kwamba kila Baloo alipomtoa, Greig alimpa ana 8, yaani nusu rupia. Hebu piga hesabu: kumtoa mara nane tu katika mwezi kulimletea sawa na mshahara wake wote. Mwalimu gani angemfundisha vizuri kuliko hapo? Kwa miaka, saa baada ya saa, mkono wa kushoto, mpira wa polepole unaozungushwa kwa vidole, ukitua mahali palepale kisha ukikunja kona.

Lakini kupiga, hapana. Inasemekana miaka yote aliyokaa pale hakupewa gongo hata siku moja. Kupiga ilikuwa kazi ya mabwana.

Wahindu walimkubali kwenye timu yao?

Walimhitaji kabla ya kumkubali. Wahindu wa Poona walipotaka kuwafunga Wazungu, mtu wa kuwatoa Wazungu alikuwa hapohapo, anazungusha roli. Wakabishana, mwisho wakamchukua. Uwanjani walishika mpira uleule alioushika yeye, kwa sababu kriketi haina njia nyingine. Kengele ya chai ikilia, wenzake waliingia ndani wakanywa kwenye vikombe vya kaure. Baloo alibaki nje, akiletewa chai yake kwenye kikombe cha udongo cha kutupwa.

Mpira ule ule, dakika tano baadaye kikombe mbalimbali. Mimi picha hiyo hainitoki.

Baadaye alihamia Bombay, na huko pia alikuwa nguzo ya Wahindu kwenye ushindi ule wa 1906. Kufikia 1911 hakuna aliyeweza kuchagua timu ya India Yote na kumwacha.

Alifanya nini Uingereza?

Wiketi 114 katika mechi zote za safari, kila moja ikiigharimu timu yake chini ya mikimbio 19 kwa wastani. Chuo Kikuu cha Cambridge aliwatoa watu 8 katika zamu moja kwa mikimbio 103. Kwa asiyejua: timu nzima hutolewa watu 10.

Wanaotaka kuzipima namba hizo wakumbuke hali yake. Wakamataji wa timu walidondosha mipira. Wapigaji wake walimwachia mikimbio michache ya kulinda. Hakuwa na mrushaji mwingine wa kumpokea kwa muda mrefu, kwa hiyo alirusha hadi jioni, kesho yake tena.

Ushindi wa kwanza mkubwa ulikuja lini?

Julai, mjini Leicester, baada ya msururu wa vipigo ambao ungewafanya wengine waombe kurudi nyumbani. Dk. Kanga alipiga mikimbio 163. Baloo akachukua wiketi 11 katika mechi. Leicestershire wakafungwa kwa wiketi saba. Siku chache baadaye wakaenda Taunton kukutana na Somerset.

Na huko Taunton?

Huko ndiko ningependa kuwa nimekaa jukwaani. Wahindi walikuwa wanafukuza lengo katika zamu ya mwisho, na wenzao wakawa wanatoka mmoja mmoja. Shivram, mdogo wake Baloo, alisimama. Alifika mikimbio 113 bila kutolewa, na timu ikashinda kwa wiketi moja.

Ukumbuke Shivram alikuwa wa jamii ileile isiyoguswa. Kwa hiyo chukua mechi mbili za daraja la kwanza ambazo timu hii ilishinda, zote dhidi ya kaunti za Uingereza. Katika moja kaka alitoa watu 11, katika nyingine mdogo alisimama hadi mwisho. Wakuu wa kifalme walilipia safari ili nchi ionekane kwa sura yao, na mafundi wawili wa Poona ndio walioonekana.

Mimi mtu wa mpira wa miguu. "Kushinda kwa wiketi moja" maana yake nini?

Timu inayofukuza lengo ina watu 11 lakini hupiga wawiliwawili. Wakitolewa 10, aliyebaki hana mwenzake, mchezo umekwisha. Kushinda kwa wiketi moja ni kufikia lengo huku tisa wameshatolewa: kosa moja tu zaidi na mmepoteza. Ni kama bao la dakika ya tisini na nne, ila wasiwasi wake unaweza kudumu saa nzima.

Huko nyumbani watu walikuwa wanafuatilia?

Magazeti yalifuatilia, kwa fahari mwanzoni na kwa aibu baadaye. Lakini mwezi uleule wa Julai kilitokea kingine. Tarehe 29, huko Calcutta, klabu ya mpira wa miguu ya Mohun Bagan iliifunga timu ya kikosi cha jeshi la Uingereza, East Yorkshire, mabao 2 kwa 1 katika fainali ya kombe la IFA, chama cha mpira wa miguu cha huko. Wachezaji 10 kati ya 11 wa Mohun Bagan walicheza miguu mitupu. Baada ya hapo nani wa Bengal angezungumzia kriketi? Huko Uingereza Wahindi walitumwa wakaonyeshe utii, huku watu waliokuwa pekupeku wamewafunga askari wa mfalme mbele ya umati.

Baloo alipokelewaje aliporudi?

Watu wa jamii yake huko Bombay walimwandalia hafla. Hotuba ya kumpongeza inasemekana iliandikwa na kijana wa chuo aliyetoka jamii ya wasioguswa kama yeye, B. R. Ambedkar, ambaye baadaye aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Jina hilo litarudi.

Mechi za 1911 zilikuwa za Testi?

Hapana. Baraza la kriketi la milki lililoundwa 1909 lilikuwa na England, Australia na Afrika Kusini tu. India ilicheza Testi yake ya kwanza 1932 uwanja wa Lord's, chini ya C. K. Nayudu.

Baada ya safari hiyo waliendelea kucheza pamoja?

Hapana, na hapa ndipo wengi hushangaa. Mwaka uliofuata tu, 1912, Waislamu waliongezwa kwenye mashindano ya Bombay, yakawa ya timu nne: Wazungu, Waparsi, Wahindu, Waislamu. Mwaka 1937 ikaongezwa ya tano, ya "waliosalia", Wakristo na wengineo. Watu walijaa uwanjani kweli kweli. India Yote ilikuwa bidhaa ya kusafirisha nje, nyumbani kila mtu alirudi upande wake.

Baloo aliwahi kuwa nahodha wa Wahindu?

Kamwe. Alistahili kwa umri, kwa wiketi na kwa akili ya mchezo, lakini unahodha ulipewa watu wa tabaka la juu, hata waliokuwa chini yake mbali kimchezo. Mwaka 1920 walimfikisha unahodha msaidizi. Aliyefika ni mdogo wake mwingine, Vithal, mpigaji, aliyepewa Wahindu 1923 baada ya kelele nyingi, na akashinda mashindano mwaka huohuo.

Maisha yake yaliishia wapi?

Kwenye siasa. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 60 hivi, Chama cha Congress, kile kilichoongoza madai ya uhuru, kilimsimamisha kugombea kiti cha bunge la Bombay kilichotengwa kwa watu wa jamii zisizoguswa. Mpinzani wake alikuwa Ambedkar, yule kijana wa hotuba. Kura zikahesabiwa: Ambedkar 13,245, Baloo 11,225. Baloo alifariki Bombay mwaka 1955.